Nafasi ya Jina Moja katika Silsila ya Mikindani

Mwaka 1953, mashine za gati jipya la Mtwara zilipokuwa zikinguruma kutwa, na nusu ya vijana wa Mikindani wamekwisha kuhamia Magomeni na Ufukoni, mitaa ya mji huo, kufuata kazi, palikuwa na nyumba moja ya mawe mjini Mikindani ambamo mwanamke wa miaka hamsini na minane alikuwa akisuka ukili wa mikeka na kufundisha mantiki. Jina lake lilikuwa Mwaisha binti Abdallah. Mikeka yake ilijulikana tangu Msimbati hadi Sudi. Mantiki yake ilijulikana na watu wachache mno, na mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, seremala wa gatini.

Mantiki ni elimu ya kupima maneno. Haimwambii mtu mvua itanyesha lini wala muhogo upandwe wapi. Humwambia tu kwamba, akishakubali hili na lile, ni lipi jingine hana budi kulikubali, na ni lipi haruhusiwi kulidai hata akilitamani namna gani. Waliipanga Wayunani, wakaipokea Wasuria na Waarabu, na kwa mikono mingi ikafika Mikindani ndani ya sanduku la msaji lililotiwa kafuri ili mchwa wasiliingie. Sanduku hilo lilikuwa la Mwalimu Abdallah, babake Bi Mwaisha.

Mwalimu Abdallah alifundisha ukumbini kwake enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Mbele yake waliketi wanafunzi wanne au watano, mmoja wao akiwa mwanawe wa kiume, Isihaka. Nyuma ya pazia aliketi bintiye Mwaisha, umri wake miaka kumi na mitatu, akisuka. Siku moja Mwalimu alimwuliza Isihaka, "Ikiwa kila samaki ana mapezi, je, kila chenye mapezi ni samaki?" Isihaka, aliyekuwa amesinzia, aliitikia, "Ndiyo, baba." Sauti nyembamba ikatoka nyuma ya pazia: "Na mshale wangu wa nyoya je, ule wa kuchezea? Nao una mapezi ya nyoya mkiani, baba. Nao tutautia nazi?"

Wanafunzi walicheka. Mwalimu Abdallah hakucheka, wala hakukemea. Tangu siku ile hakulifungua pazia, lakini alipandisha sauti.

Kwa miaka minane alifundisha kwa sauti ile kubwa, na jirani waliopita dirishani walidhani amekuwa kiziwi. Mwaisha alizisoma sura zote kwa masikio, kisha jioni akazisoma tena kwa macho, babake akimshikia kitabu. Isihaka alifika sura ya maana za maneno akakwama hapo. Mwaka 1917 alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi tena. Mwaka 1921 Mwalimu Abdallah naye akafariki, na sanduku likabaki kwa bintiye. Mwaisha aliolewa, akazaa binti aliyeolewa Lindi, akafiwa na mume, akaendelea kusuka. Kwa muda wa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyemwuliza kuna nini ndani ya sanduku.

Aliyeuliza kwanza alikuwa Thabiti bin Omari, kijana wa Madimba, mtoto wa wakulima wa mihogo na mikorosho, aliyekuwa amekuja Mtwara mwaka 1947 kufanya useremala. Alitumwa na watu wa msikiti wa Ufukoni kununua mkeka wa kuswalia. Aliuona mmoja ukutani akasema, "Nauchukua huu, Bi Mwaisha. Sihitaji hata kuukagua. Mikeka yote mizuri hutoka Mikindani, na huu umetoka Mikindani. Basi ni mzuri."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Mwaisha. "Umesema mikeka yote mizuri hutoka Mikindani. Hukusema kila mkeka utokao Mikindani ni mzuri. Pita uani ukautazame wa jirani yangu Somoe."

"Nakusikia!" Somoe alipaza sauti kutoka uani.

"Nimesema ili usikie."

Thabiti hakwenda kuutazama mkeka wa Somoe. Alisimama akiyarudia maneno yake mwenyewe kwa midomo, kama mtu anayetafuta msumari alioudondosha. Kisha akauliza, "Elimu hiyo inaitwaje?"

Kwa hiyo, kila Jumapili, siku ambayo gatini hapakuwa na kazi, Thabiti alikuja Mikindani kwa baisikeli. Mlango ulikaa wazi, na Somoe aliketi ndani pamoja nao ili mji usipate la kusema. Somoe alidai kwamba kwa miaka sita hakujifunza kitu. Lakini mumewe alilalamika kwa jirani kwamba siku hizi mke wake hagombani tena. Humwuliza tu, "Umelijuaje hilo?" kisha hunyamaza akisubiri jibu.

Bi Mwaisha alifundisha huku mikono ikifanya kazi, maana alikuwa amejifunza hivyo. Ilipofika sura ya namna hoja inavyojengwa, alichukua kili mbili zilizokwisha kusukwa akazilaza mapajani.

"Huu wa kwanza unasema: kila mkeka ni kazi ya mikono. Huu wa pili unasema: kila kazi ya mikono huchakaa. Sasa nashona." Akapitisha uzi wa ukindu, huku na huku, akaukaza. "Natija ni ipi?"

"Kila mkeka huchakaa."

"Na 'kazi ya mikono' imekwenda wapi?"

Thabiti aligeuza kili zile akatafuta uzi. Haukuonekana juu wala chini. Bi Mwaisha alishona kwa namna hiyo. Mshono wake hata mwonzi wa nuru haukuupenya.

"Hilo ndilo neno la kati," alisema. "Hutajwa katika kauli ya kwanza, hutajwa katika ya pili, huziunganisha, kisha katika natija halitajwi tena. Lakini lichomoe uone kama utabaki na mkeka."

Zaidi ya kanuni, alimfundisha historia ya elimu yenyewe, kwa kuwa desturi ya chuo kile ilikuwa kwamba mtu hamalizi elimu mpaka aijue silsila: nani alimfundisha nani, tangu juu hadi kwake mwenyewe. Juu kabisa alikuwapo mzee wa Athene, aliyezunguka sokoni akiwauliza watu maswali mpaka wakamchoka wakamnywesha sumu. Mama yake alikuwa mkunga, naye alisema kazi yake ni hiyohiyo, ila yeye huzalisha fikra. Hakuandika hata ukurasa mmoja. Mwanafunzi wake ndiye aliyeandika, na karibu katika kila kitabu akamweka mwalimu wake aseme. Kisha akaja mwanafunzi wa mwanafunzi, ambaye Waarabu walimwita Mwalimu wa Kwanza, aliyeipanga mantiki sura kwa sura. Karibu miaka mia tisa baadaye mfalme wa Rumi akawapiga marufuku walimu wa Athene, lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kuvuka: vilikuwa Iskandaria, vilikuwa Shamu, katika nyumba za watawa wa Kikristo waliovigeuza kuwa Kisuria.

Hapo Mwalimu Abdallah alikuwa na mazoea ya kunyamaza kidogo. "Na hapa," alikuwa akisema, "palikuwa na mtu." Mtu gani? Hakuna ajuaye. Alitafsiri, akafundisha, akafa, na katika silsila ya Mikindani jina lake halikufika. Kwa hiyo kila msomaji alipofika pale alisema tu "na mtu", kisha akaendelea mpaka Baghdadi, ambako Wakristo na Waislamu walikaa pamoja kutafsiri. Mpaka kwa Mwalimu wa Pili, aliyetoka nchi za Waturuki. Mpaka kwa tabibu wa Bukhara, aliyekisoma kitabu kimoja cha Mwalimu wa Kwanza mara arobaini asikielewe, hata alipokata tamaa akakuta sokoni kitabu cha Mwalimu wa Pili cha kukifafanua, akaelewa kwa siku moja. Tawi moja lilielekea magharibi kwa kadhi wa Kurtuba, huko Uhispania, ambaye vitabu vyake vilichomwa moto na watu wa kwao huku mapadri wa Ulaya wakivisoma kwa pupa. Tawi jingine lilishuka Misri, Hadhramauti na Barawa, likatia nanga kwa Mwalimu Abdallah.

Mtaalamu wa tarehe angeweza kuitoboa silsila hii matundu, kwa maana pana mahali ambapo kati ya jina na jina imepita karne nzima. Mwalimu Abdallah aliyajua hayo na aliyasema wazi. Lakini Bi Mwaisha, katika umri wake wote, alisumbuliwa na tundu moja tu. Kila alipofika kwa yule Msuria na kusema "na mtu", alihisi kama amemkanyaga mtu usoni.

Mwaka ule wa 1953 watu wa Ufukoni walimaliza kujenga chuo chao, wakataka Thabiti afundishe humo. Walikubaliana kwamba Shehe Ismaili wa Kilwa, mtu mzima aliyeheshimiwa pwani nzima kwa elimu hii, aalikwe amsikilize Thabiti, asomewe silsila mbele ya watu, kisha ampe idhini. Mkuu wa wazee wa msikiti alikuwa Mzee Hamisi, aliyekuwa amemwoa dada yake Bi Mwaisha, marehemu. Alikuja Mikindani siku moja kabla ya shughuli, akakaribishwa wali na pweza wa nazi, akala, akaomba mchuzi tena, ndipo akasema lililomleta.

"Shemeji, hilo jambo la silsila. Baada ya marhumu Mwalimu Abdallah, wewe utamwandika Isihaka."

"Isihaka alikufa mwaka wa kumi na saba," alisema Bi Mwaisha. "Thabiti alizaliwa mwaka wa ishirini na tatu. Alimfundishaje, shemeji? Alimfuata tumboni?"

"Nani ataanza kuhesabu miaka siku ya shughuli? Isihaka ni mwanamume, ni mtoto wa Mwalimu, na hawezi kukanusha."

"Kweli, hilo la mwisho umelithibitisha."

"Usinitanie. Kufundisha watoto Kurani ni sawa, wanawake wengi wanafundisha. Lakini hii ni mantiki. Shehe anakuja kutoka Kilwa, mbali kote huko. Akisikia 'binti' katikati ya silsila, atavaa viatu aondoke, na chuo chetu kitachekwa mpaka Lindi. Unataka hivyo?"

Bi Mwaisha hakutaka hivyo. Alitaka chuo kisimame, na alitaka Thabiti akae kwenye kile kiti. Alilifikiria jambo hili wakati akiosha vyombo, kisha akarudi.

"Uongo sitauandika, shemeji. Elimu hii kazi yake ni kuukamata uongo. Na jina langu silitii kwa nguvu pale ambapo sikuitwa. Nitaacha nafasi. Thabiti akifika hapo, atasema 'na mtu', kama tusemavyo kwa yule Msuria."

Mzee Hamisi aliridhika, akaondoka na sahani ya pweza iliyofunikwa kawa.

"Wewe umeridhika?" Somoe alimwuliza.

"Mimi ni neno la kati. Nimekwisha kuziunganisha kauli. Natija hainihitaji."

"Umelijuaje hilo?" alisema Somoe, akanyamaza, akisubiri. Bi Mwaisha alifungua sanduku, akatoa karatasi na kalamu ya babake, akakaa kuandika. Somoe alimwona akiandika upesi mpaka karibu na mwisho. Hapo alisimama, akapima kwa macho, akaweka kidole juu ya karatasi, akakiondoa, kisha akaandika mstari wa mwisho.

Shughuli ilifanyika Ufukoni baada ya swala ya alasiri. Chuo kilinukia mbao mpya, maana milango na madirisha Thabiti alikuwa ameyachonga mwenyewe. Wanaume walijaa mbele. Wanawake walikaa nyuma, na katikati palitundikwa mkeka mpana wa Bi Mwaisha uwe pazia. Aliketi nyuma ya mkeka wake mwenyewe, Somoe ubavuni pake, akawaza kwamba miaka arobaini na mitano imepita na bado anasomea mahali palepale.

Shehe Ismaili alimwuliza Thabiti maswali kwa muda wa saa nzima. Aliuliza polepole, na Thabiti alijibu polepole. Kila jibu lilipotoka, Bi Mwaisha alikuwa amekwisha kulitamka moyoni, na halikutofautiana hata kwa neno. Vidole vyake, ambavyo havikuwa na ukili siku ile, vilisuka hewa juu ya goti. Hakuwahi kuisikia elimu ya babake ikisemwa kwa sauti kubwa mbele ya watu tangu alipokuwa msichana.

"Sasa silsila," alisema Shehe.

Karatasi ilikunjuliwa. Thabiti alianza juu, kwa mzee wa Athene, akashuka. Alipofika kwa Wasuria alisema "na mtu", akaendelea. Akapita Baghdadi, akapita Bukhara, akashuka Misri, akavuka Barawa. "Naye akamfundisha Mwalimu Abdallah wa Mikindani," alisoma. "Naye Mwalimu Abdallah akamfundisha..."

Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

Nyuma ya mkeka Bi Mwaisha alisubiri neno "mtu". Alikuwa amelipanga mwenyewe, amelikubali mwenyewe, na bado alipolingojea alihisi mwili wake ukipungua, kama kwamba wakilitamka atapotea palepale, abaki Somoe na mahali patupu.

"Soma, kijana," Mzee Hamisi alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote.

"Akamfundisha binti yake," alisema Thabiti, "mwalimu wangu, Mwaisha binti Abdallah, naye akanifundisha mimi."

Palizuka minong'ono. Mzee Hamisi alisimama. "Shehe, utusamehe! Hilo halikuandikwa!"

"Ni kweli, halikuandikwa," alisema Thabiti. "Hapa pana nafasi tupu, na niliamrishwa niseme 'mtu'. Lakini, Shehe, yule mzee wa Athene hakuandika kitu. Tunamjua leo kwa kuwa mwanafunzi wake hakuona haya kumtaja. Ningesema 'mtu', ningekuwa nimeisoma elimu hii bure."

"Shehe, tazama mwenyewe!" Mzee Hamisi aliendelea, jasho likimtoka. "Katika silsila hii hakuna mwanamke aliyetajwa. Na wote waliotajwa humu ni walimu. Basi hakuna mwanamke aliye mwalimu. Si mantiki hiyo?"

Shehe Ismaili alimtazama. Ndevu zake zilitikisika kidogo kwa kuzuia kicheko. "Mzee wetu ameleta hoja," alisema. "Ni haki ijibiwe." Thabiti alifungua kinywa, lakini Shehe aliinua mkono. "Si wewe. Mwalimu wako."

Somoe alimfinya Bi Mwaisha pajani kwa kucha.

"Shemeji," sauti ilitoka nyuma ya mkeka, wala haikuwa nyembamba tena, "umesema kila aliyetajwa ni mwalimu. Nakubali. Lakini hukusema kila mwalimu ametajwa, wala huwezi kulisema, kwa maana yule Msuria alifundisha na hakutajwa. Hoja yako ni kama hii: hakuna pweza aliye chewa; kila chewa ni kitoweo; basi pweza si kitoweo. Na pweza wa jana, shemeji, ulimla kwangu, ukaomba mchuzi, ukaondoka na sahani. Sahani yangu hujairudisha."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapita chini ya mkeka kikawaingia wanaume. Mzee Hamisi alijaribu kubaki amekasirika, akashindwa. "Nitairudisha," alisema, akaketi, akajifuta uso kwa kanzu. "Huyu mwanamke hajawahi kuniachia hata moja tangu nioe kwao."

Shehe Ismaili hakucheka kwa sauti. Aliuliza kutoka pale alipokaa, "Binti Abdallah, makosa hayo yametajwa katika sura gani ya kitabu?" Naye akamtajia sura, akamtajia mahali penyewe, akaongeza ni nini babake alichokiandika pembeni kwa wino mwekundu. Shehe alifumba macho akisikiliza. Alipoyafumbua alisema, "Kwa umri wangu wote nilidhani chuo cha Mwalimu Abdallah kilikufa pamoja naye. Kumbe kilikuwa kinashona mikeka."

Akaomba karatasi na kalamu. Wote walidhani ataandika yeye. Lakini alipoitazama karatasi alisita. "Khati hii ni ya nani?"

"Ni ya Mwalimu wangu," alijibu Thabiti.

"Basi khati iwe moja," alisema Shehe. Akaikunja karatasi, akamkabidhi Thabiti, na Thabiti akaipitisha chini ya mkeka kwa mikono miwili, pamoja na kalamu, kama apitishavyo mtu kitu chenye maji.

Bi Mwaisha aliilaza gotini. Aliandika jina lake na la babake kwa herufi zilezile alizofundishwa jioni, kitabu kikiwa kimeshikwa mbele yake, akapuliza wino ukauke. Karatasi ikarudi mbele. Shehe Ismaili aliisogeza karibu na dirisha, akaipitishia kidole, na safari hii alitabasamu waziwazi.

Jina lilikuwa limeijaza nafasi yote, tangu neno la kabla hadi neno la baada. Hapakubaki hata upana wa unyasi.

"Thabiti," alisema, "nafasi hii ilipimwa."

"Ndiyo, Shehe," alisema Thabiti. "Mwalimu wangu hakosei vipimo."

Nyuma ya mkeka Somoe aligeuka kumtazama jirani yake, akakumbuka kile kidole kilichowekwa juu ya karatasi na kuondolewa. "Natija haikuhitaji, eti," alimnong'oneza.

Bi Mwaisha alijitengeneza ushungi, akanyoosha mgongo, akaketi wima, kama akaavyo mwalimu.